Detroit, mji unaolea timu ya vijana

Ukisimama ukingoni mwa Mto Detroit ukatazama kusini, nchi unayoiona ng'ambo ni Canada. Watoto hubisha, kwa sababu kwenye ramani ya darasani Canada iko juu ya Marekani. Lakini hapa mto umepinda, na mji wa Windsor, Canada, umekaa kusini mwa Detroit. Mpe mtoto dira ya simu athibitishe mwenyewe.

Hatua chache kutoka mtoni, barabara ya Woodward inapoanzia, kuna ngumi kubwa ya shaba nyeusi yenye urefu wa mita 7 hivi, imening'inizwa kwenye nguzo. Ni kumbukumbu ya bondia Joe Louis, aliyekulia mji huu. Wageni wengi hupiga picha hapo na kuendelea na safari. Wenyeji wanaipenda kwa sababu inasema jambo wanalojisemea kila siku: tumepigwa sana, lakini bado tumesimama.

Na kweli wamepigwa. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu wapatao milioni 1.85, wengi wakiishi kwa kazi za viwanda vya magari. Sensa ya 2020 ilihesabu takriban 639,000. Julai 2013 serikali ya mji ilitangaza kufilisika. Kituo kikubwa cha treni, Michigan Central, kiliagana na treni ya mwisho mwaka 1988, kikabaki gofu kwa miaka 30, hadi kampuni ya Ford ilipokinunua 2018. Kazi ya kukikarabati ilichukua miaka sita. Juni 2024 kilifunguliwa tena, kikiwa kinang'aa. Mwaka 2023 idadi ya watu iliongezeka kwa mara ya kwanza tangu 1957.

Nimeanza na mji kwa sababu huwezi kuielewa timu yake ya mpira wa kikapu bila kuuelewa mji wenyewe. Mimi ni shabiki wa Detroit Pistons, na niliandika haya msimu wa 2025/26 ulipokuwa unaanza.

Jina la gereji

Fundi yeyote wa Gerezani au Grogan anaijua pistoni, ile inayopanda na kushuka ndani ya injini. Wengi hudhani timu iliitwa hivyo kwa sababu Detroit ni mji wa magari. Sivyo. Timu ilianzia Fort Wayne, katika jimbo la Indiana, na mmiliki wake, Fred Zollner, alikuwa na kiwanda kilichotengeneza pistoni. Ilihamia Detroit mwaka 1957 na jina lake tayari, kama bibi harusi anayefika na jina linalofanana na la ukoo wa mumewe.

Mwaka 1978 timu ilihama katikati ya mji ikaenda kuchezea vitongojini, kwanza Pontiac, kisha Auburn Hills. Ilikaa huko miaka 39. Mataji yake yote matatu, ya 1989, 1990 na 2004, yalipatikana wakati uwanja wa nyumbani ukiwa nje ya mji ambao jina lake liko kwenye jezi. Mwaka 2017 ilirudi, na sasa inacheza Little Caesars Arena, palepale Woodward.

Kwa familia, ni uwanja rahisi kufikika. Tramu ya QLine inapita Woodward na nauli yake ni bure. Ukifika ndani, waambie watoto jambo hili: uwanja huo ni wa Pistons na pia wa Red Wings, timu ya mpira wa magongo ya barafuni. Chini ya mbao ambazo wachezaji wanadundia mpira kuna barafu, imefunikwa tu. Watoto watatumia robo ya kwanza nzima kukagua kama mbao zinatoa ubaridi.

Siku 60 za giza

Msimu wa 2023/24 ulianza vizuri: mechi tatu, ushindi mara mbili. Kisha, kuanzia Oktoba 30 hadi Desemba 28, Pistons walipoteza mechi 28 mfululizo. Mechi ya 27 walifungwa na Brooklyn hapohapo nyumbani, na kwa kipigo hicho wakaweka rekodi ya mfululizo mrefu zaidi wa kupoteza ndani ya msimu mmoja wa NBA. Usiku huo Cade Cunningham, kijana wa miaka 22, alifunga pointi 41, na bado haikutosha. Majuma hayo mashabiki waliimba wakimtaka mmiliki auze timu.

Desemba 30 waliifunga Toronto 129 kwa 127. Watu walishangilia kama waliochukua kombe. Msimu uliisha kwa ushindi 14 na vipigo 68.

Mzazi aliyewahi kupokea ripoti ya shule yenye wino mwekundu juu hadi chini anaijua hali hiyo. Swali linalofuata ndilo gumu: uvumilie, au ubadilishe kitu? Na kama ni kubadilisha, ubadilishe nini?

Kabla ya hapo viongozi walikuwa wameuza subira tu. Kila mwaka mashabiki waliambiwa vijana wanakua. Katika NBA timu dhaifu hupewa nafasi kubwa zaidi kwenye bahati nasibu ya kuchagua chipukizi wapya, kwa hiyo kupoteza kunaweza kugeuzwa mpango. Detroit walimpata Cunningham kwa chaguo la kwanza mwaka 2021. Baada ya hapo bahati ilikauka. Miaka mitatu mfululizo waliangukia nafasi ya tano: Jaden Ivey 2022, Ausar Thompson 2023, Ron Holland 2024. Mwaka 2023 walikuwa wa mwisho katika ligi nzima, wakamkosa Victor Wembanyama, aliyekwenda San Antonio.

Kilichobadilika

Juni 2024, mwezi uleule kituo cha treni kilipofunguliwa, Pistons walimwachisha kazi kocha Monty Williams, ingawa mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka mitano. Wakamchukua J.B. Bickerstaff, ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameachishwa na Cleveland mwezi mmoja kabla. Bickerstaff ni mtoto wa kocha; baba yake, Bernie, alifundisha NBA miaka mingi.

Pia waliletwa watu wazima. Tobias Harris, mwenye miaka 32, alirudi timu aliyowahi kuichezea. Tim Hardaway Jr., aliyesoma Chuo Kikuu cha Michigan, akaletwa kutoka Dallas. Hawa hawakuja kuchukua nafasi ya vijana. Walikuja kusimama mahali sahihi uwanjani, kufunga mipira ya mbali, na kuwaonyesha wadogo mtu mzima anajiandaaje kabla ya kazi.

Vijana wakuu walikuwa walewale waliopoteza 28. Cunningham yuleyule, Jalen Duren yuleyule, Thompson na Isaiah Stewart walewale. Msimu wa 2024/25 waliishia na ushindi 44 na vipigo 38, wakawa timu ya kwanza katika historia ya NBA kuzidisha ushindi wake mara tatu kati ya misimu miwili kamili ya mechi 82. Cunningham alimaliza na wastani wa pointi 26.1 na pasi za mwisho 9.1, akaitwa kwenye mechi ya nyota kwa mara ya kwanza.

Hapa ndipo napenda wazazi tutulie kidogo. Tunasema subira huvuta heri, na ni kweli. Lakini subira ya kumwacha mtoto ajipapase gizani, huku tukirudia kwamba atakua tu, ina jina lingine. Detroit hawakuwafukuza vijana wao, na hawakuendelea kuwatazama tu. Waliwabadilishia mwalimu na kuwawekea wakubwa wa kuwaiga.

Kijana wetu aliyepita hapa

Kuna Mtanzania katika hadithi ya jimbo hili. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili katika NBA mwaka 2009 na Memphis. Waliochaguliwa baada yake ni pamoja na James Harden na Stephen Curry. Thabeet alikuwa ameanza kucheza kikapu akiwa kijana wa shule, miaka michache tu kabla ya hapo. Alichohitaji ni muda na mwalimu. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, alikuwa ameshapelekwa kwa muda kwenye ligi ya chini, na baadaye akawa mtu wa kuhamishwa timu hadi timu.

Mwaka 2014 Pistons walimsajili kwa maandalizi ya msimu, wakamwacha kabla ligi haijaanza. Alikwenda kuchezea Grand Rapids, timu ndogo iliyoshirikiana na Pistons, kilomita 250 hivi magharibi mwa Detroit. Leo ukitembea Grand Rapids utakisikia Kiswahili, kwa sababu familia nyingi za Wakongo waliokimbia vita zimehamia huko na Lansing. Watoto wao wanadunda mpira kwenye viwanja vya shule.

Huwa nawaza Thabeet angekuwaje kama angekutana na kipindi cha namna hii: kocha mwenye subira yenye kazi ndani yake, na wakongwe wawili pembeni. Hatutajua. Ila kila mtoto anayeitwa "kipaji" mapema mno hubeba mzigo huo, awe mchezaji, awe yule wa kwanza darasani ambaye ukoo mzima umeshamfanya daktari.

Nilitarajia nini msimu wa 2025/26

Aprili 2025 Pistons waliingia mechi za mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2019, wakapangwa na New York. Walishinda mara mbili, zote ugenini, na ushindi wa kwanza ulikata mkosi wa vipigo 15 mfululizo kwenye mtoano. Nyumbani walipoteza mechi zote tatu, kwa pointi 2, 1 na 3. Jumla pointi sita. Ndivyo walivyotolewa.

Matokeo yake ni kwamba msimu wa 2025/26 ulipoanza, Detroit ilikuwa haijashinda mechi ya mtoano nyumbani tangu 2008. Mtoto aliyezaliwa mji huu mwaka huo alifikisha miaka 17 mwaka 2025 bila kuiona. Hilo ndilo nililolitaka kwanza. Kama lingepatikana hilo, na raundi moja ikavukwa, ningeridhika.

Nilichoogopa kilituhusu sisi wenyewe mashabiki. Tulipokuwa chini tulishukuru kwa ushindi mmoja. Baada ya kuonja 44, tayari nilisikia watu wakidai 55. Msimu ulipoanza Oktoba 2025, Cunningham alikuwa na miaka 24, Ivey 23, Thompson 22, Duren 21, Holland 20. Ivey alikuwa amevunjika mguu siku ya Mwaka Mpya 2025. Thompson alipata tatizo la damu kuganda Machi 2024 na akakaa nje hadi Novemba. Hardaway alikuwa ameondoka, na wageni walioingia, akina Duncan Robinson na Caris LeVert, walihitaji kuzoeana na wenzao. Timu hii ingeweza kucheza vizuri zaidi na bado ikashinda mechi chache kuliko tulivyodai.

Historia ya mji huu inasaidia hapa. Isiah Thomas alichaguliwa na Pistons mwaka 1981. Mwaka 1987 walitolewa na Boston, mwaka 1988 wakapoteza fainali kwa Los Angeles Lakers, na kombe lilikuja 1989. Miaka minane. Msimu wa 2025/26 ulipoanza, Cunningham alikuwa na minne. Kuwa nusu ya njia si kushindwa, ingawa mtu aliye nusu ya njia ndiye hasa hupigiwa kelele.

Kwa anayefuatilia kutoka Afrika Mashariki, mechi ya saa moja usiku Detroit huanza saa nane usiku kwetu, na kuanzia Novemba saa zao zikirudi nyuma, saa tisa. Msiwakeshe watoto. Muhtasari wa dakika kumi asubuhi ya Jumamosi unatosha, mkila chapati. Ila kabla ya kuuliza nani kashinda, mwambie mtoto amtazame mchezaji mmoja tu, kwa mfano Thompson, na jinsi anavyomkaba mtu asiye na mpira. Wiki ijayo amtazame huyohuyo. Baada ya miezi miwili muulize nini kimebadilika. Atakuwa amejifunza kuona mtu akikua, jambo ambalo hata sisi tunaoishi nao nyumba moja hulikosa mara nyingi.

Na timu ikipoteza tano mfululizo mwezi Januari, msikubali kuhama. Ongezeni tu chai.