Boti, Kusi na Dawa ya Moyo

Mama mmoja wa Mwanakwerekwe, Unguja, amezoea boti kama wengine walivyozoea daladala. Kila mwezi humpeleka mwanawe wa miaka mitano kliniki ya moyo Dar es Salaam, safari ya karibu saa mbili. Kusi ikivuma mtoto hutapika, na dawa yake ya moyo hutoka pamoja na chai.

Siku hizi hagombanii viti vya mbele. Hukaa katikati, chini, ambako boti haichezi sana, na mtoto huangalia mbali baharini, si kwenye simu. (Simu, anasema, ndiyo mchawi.) Dawa ya kichefuchefu, aliyoandikiwa na daktari anayeijua ile ya moyo, mtoto huinywa nyumbani, kabla ya mawimbi.

Kabla ya kuketi hutafuta jaketi la kujiokolea linalomtosha mtoto. MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe mwaka 2012, yeye alikuwa bado mwanafunzi. Safari iliyopita walikuta makubwa matupu. Akamwita baharia. Abiria wa nyuma wakaguna: “Bibie, kaa basi, watu wapite.”

Hakukaa mpaka lilipoletwa dogo.