Sabrina wa Theluji na Sisi wa Jua Kali

Hebu kwanza tumalize hii stori ya "theluji si mambo yetu." Ukiwa Kibwezi asubuhi kabla mawingu hayajapanda, unaiona Kilimanjaro na kofia yake nyeupe, bila kulipa hata bob. Na tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Wakati huo kule Uingereza kulikuwa na wasomi wanaobisha kabisa: theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Wazee wetu walikuwa wanaiangalia tu, kila kukicha.

Nasema hivi kwa sababu kila nikimtaja Sabrina Simader, lazima msee aulize, "Huyo ni Mkenya wa wapi?" Wa Kilifi, boss. Alizaliwa huko 1998, akahamia Austria akiwa na miaka mitatu, na baba yake wa kambo ndiye aliyemwingiza kwenye skii. Februari 2018, akiwa na miaka 19, alibeba bendera yetu Pyeongchang, Korea Kusini. Timu nzima ya Kenya ilikuwa yeye pekee. Mwanamke Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi! Katika super-G akamaliza wa 38.

Najua mnachotaka kuandika kwenye komenti. Wa 38? Si angekaa nyumbani? Sisi tumezoea dhahabu hadi tunadhani inaota kama mwembe wa Makueni. Lakini super-G unashuka mlima kwa spidi ambayo hata matatu ya Mombasa Road ingeona haya, na unapewa nafasi moja tu. Ukiteleza, kwaheri. Siku hiyo Ester Ledecká wa Czech alimpiga Anna Veith wa Austria kwa sekunde 0.01. Dada yetu alishuka mteremko huo huo.

Ila kama Mkamba, mchezo wa huko unaonimaliza ni biathloni. Unakimbia kwa skii na bunduki mgongoni, halafu moyo ukiwa unadunda hivyo unasimamishwa ulenge shabaha mita 50 mbele. Ukipiga umelala, shabaha ina upana wa milimita 45. Ukikosa, kwenye mbio nyingi unazungushwa mita 150 za adhabu kwa kila risasi. Weronika Nowakowska wa Poland aliondoka na fedha na shaba kwenye ubingwa wa dunia wa 2015. Sisi babu zetu walisifika kwa uta na mishale kote huku. Nasema tu.

Shida si jua. Shida ni nani analipa. Philip Boit alifika Nagano 1998 kwa sababu Nike walitoa pesa; akamaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Boit akampa mtoto wake jina hilo. Stori tamu, lakini kampuni ikitoka stori inaisha. Beijing 2022 Kenya haikuwa na mtu hata mmoja. Sasa tunamuuliza msichana mmoja kwa nini hakuleta medali, na hatujawahi kumnunulia hata glavu. Mimi hapo naona aibu ni yetu.

Na usifikirie hii ni ya Austria pekee. Msichana wa Mutomo akisema anataka ndondi, swali la kwanza ni ataolewa na nani. Kijana akisema hivyo hivyo anaambiwa jaribu. Benson Masya wa Kitui alianza na ndondi, akahamia mbio, na 1992 akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni kule Newcastle. Aliruhusiwa kubadilisha mawazo. Ni wasichana wangapi huku kwetu wamepewa hiyo nafasi?

So wewe wa Wote, Mwingi, Mtito, popote: kama unacheza kitu ambacho kwenu hakina hata uwanja, niandikie ni mchezo gani na mnafanyia mazoezi wapi. Nauli ya matatu ninayo na simu ina chaji. Nitakuja nirekodi, hata kama wewe ni wa 38.