Sakafu ya staa, unyevu wa Ujiji

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, aliwahi kuposti sebule yake mpya. Watu waliongelea sofa na tivii. Mimi jicho liliganda sakafuni. Ilikuwa kama mbao za mninga kabisa, kumbe ni vinaili. Nikasema hii lazima iingie kwa mama, Ujiji.

Mama anaishi kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba, kule chini upande wa ziwani. Sakafu ni saruji iliyopigwa niru, imechakaa, na pale sebuleni kuna shimo linalofunikwa na mkeka tangu niko darasa la tatu. Mwezi wa nane mdogo wangu alikuwa anatolewa mahari. Sikutaka wakwe walione lile shimo. Huo ndio ukweli wangu, msinicheke.

Nikaanza kusaka. Kuna kapeti la plastiki la kukata kwa mita, lile tulilozoea, unatandika tu. Halafu kuna vibao vya vinaili: chini plastiki nzito, katikati picha ya mbao, juu ngozi ya kuzuia mikwaruzo. Hiyo ngozi ndiyo unayoilipia. Chumbani milimita 0.3 inatosha, ila sebule inayopitwa na ukoo mzima tafuta 0.5. Vingine vinabandikwa kwa gundi, vingine vinashikana vyenyewe pembeni. Nikachukua vya gundi kwa sababu bei ilikuwa chini. Nikavipakia kwenye basi, huyo Kigoma.

Fundi, mzee mmoja wa Mwanga, hakufungua hata boksi. Alipiga magoti akaweka kiganja chini.

"Binti yangu, hili jamvi lilimwagwa bila nailoni chini yake. Tubandike kipande cha nailoni hapa kwa selotepu, tukiache siku mbili tatu. Kikitoa jasho, gundi haitashika."

Nikamwambia wakwe wanakuja Jumamosi. Tena vinaili haipitishi maji, mzee wangu.

"Ya juu haiyapitishi. Na ya chini haiyapitishi vilevile. Sasa yataenda wapi?"

Sikuwa na jibu, nilikuwa na haraka. Na wote tunakumbuka ziwa lilivyopanda kuanzia 2020, watu wa mwambao wakahama nyumba zao. Kwa mama hayakufika mlangoni, lakini udongo ulishiba. Nikamwambia mzee abandike tu, lawama zangu.

Siku ya mahari nyumba iling'aa. Shangazi wa upande wa pili alivua viatu mlangoni mwenyewe. Nikaposti, watu wakamwaga likes, nikarudi Dar kifua mbele.

Mvua zikaanza Novemba. Nikipiga video, mama anashika simu juu, naona dari na nusu ya uso wake. Nikajua ni mambo ya wazee na simu. Kumbe!

Desemba nikaenda likizo. Vibao vimejikunja pembeni kama majani makavu, gundi imekuwa uji, harufu ya ukungu imejaa. Jikoni kuna duara jeusi, jiko la mkaa limeyeyusha. Na mama anachechemea. Alijikwaa kwenye ukingo wa kibao alfajiri akienda kutawadha.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulitumia hela nyingi, mwanangu. Nikaona nisikuvunje moyo."

Nilijifungia chumbani nikalia kama mtoto.

Yule mzee wa Mwanga nilimpigia kwa aibu. Akaja, na wala hakusema "nilikwambia". Alibandua kila kitu, akakwangua gundi siku mbili, akatandaza nailoni nzito, akamwaga saruji mpya juu yake na kuiweka sawa. Akasema hapo hagusi mtu mpaka ikauke. Wiki sita nzima! Safari hii nilinunua vile vinavyoshikana vyenyewe. Aliviacha sebuleni siku mbili vizoee joto la nyumba, akaanzia ukuta mrefu, akapishanisha maungio, na pembeni akaacha nafasi ndogo vipate kutanuka, kisha akaifunika kwa vibanzi vya mbao.

Jikoni mama alikataa katakata. Anasema makaa yanadondoka, mawese yanamwagika, na yeye kuchambua dagaa anataka akae chini kwenye saruji ya baridi. Tumempigia niru yenye rangi nyekundu, ndiyo aliyoitaka miaka yote. Sikuwahi kumuuliza.

Hela ya sakafu moja nimeilipa mara mbili, na goti la mama bado linamsumbua kukiwa na baridi. Ila sasa nikipiga video anaanza na sakafu, anazungusha simu nzima mpaka kizunguzungu, ndiyo ananisalimia.

Haya wadau, nyie mama zenu wakishika simu ikaangalia dari, mshawahi kuuliza wanaficha nini?