Sukari ndani ya chupa ya chai

Leo PHP na MySQL tuziweke kando. Nataka kuandika juu ya chupa ya chai ya nyumbani kwetu hapa Lamu, na nina sababu.

Sisi tunaotengeneza programu tunajua jambo moja: watumiaji wengi hawagusi mipangilio. Utakachokiweka kiwe chaguo-msingi, yaani kile kinachotokea mtu asipochagua kitu, ndicho watakachotumia miaka nenda miaka rudi. Naona afya nayo inakwenda hivyo hivyo. Biriani ya harusi moja haimharibu mtu. Kinachomharibu ni kile anachokula na kukifanya kila siku bila kukiamua.

Tuanze na miguu. Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kabla magari hayajakuwepo duniani. Kuna vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Wazee wetu hawakuhitaji kuhimizwa mazoezi: sokoni miguu, msikitini miguu, na Shela, kilomita kama 3 kando ya bahari, miguu pia. Mji ndio uliowaamulia. Siku hizi pikipiki zimeingia kisiwani, na kazi kama yangu inamkalisha mtu kitini saa 9 au 10. Chaguo-msingi limebadilika, na hakuna aliyeulizwa.

Sasa chai. Kwetu sukari hutiwa jikoni, chai ikiwa bado sufuriani, ndipo inamiminwa kwenye chupa. Anayekuja kunywa hana la kuchagua. Nikapiga hesabu: vikombe 3 kwa siku, vijiko 3 kila kikombe, gramu 4 kila kijiko. Hizo ni gramu 36 kwa siku. Kwa mwaka, zaidi ya kilo 13. Kwa miaka 20, kilo 262, yaani magunia 5 ya kilo 50 na chenji inabaki! Na hapo sijahesabu kaimati, halua wala soda. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwenye chakula chake cha siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo ya pili ni kama gramu 25 tu kwa mtu mzima.

Mama yangu ana kisukari, mwaka wa 11 huu. Kidole kimoja cha mguu kimeshakatwa. Mimi mwenyewe mwaka huu nilipimwa HbA1c, ikasoma 6.1. Ikifika 6.5 ni kisukari. Kipimo hiki kinanivutia kikazi, maana kinafanana na faili la kumbukumbu kwenye seva. Sukari iliyomo kwenye damu hushikana na chembe nyekundu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi. Ukijizuia siku mbili kabla ya kupimwa, sukari ya asubuhi inaweza kuonekana nzuri. HbA1c haidanganyiki, itakusomea miezi miwili mitatu iliyopita.

Nikamwomba mama sukari iwekwe kando. Yeye chai yake huchemshiwa peke yake, lakini wakija wageni hunywa nao ile ya chupa.

"Mwanangu, mgeni umpe chai haina sukari? Watasema tuna choyo."

"Na kahawa tungu je, mama?"

Kahawa tungu haitiwi sukari kabisa. Watu huinywa barazani kwa tende au kipande cha halua, na hakuna anayemwita muuzaji mchoyo. Utamu uko pembeni, kila mtu achukue kiasi chake. Mama akacheka, akakubali kwa sharti moja: bakuli la sukari liwe kubwa na liwekwe mbele ya mgeni.

Huu ni mwezi wa nne. Mama akiwa na wageni hutia kijiko kimoja. Mimi pia nimebaki na kimoja, yaani kilo 4 na kidogo kwa mwaka badala ya 13. Simu za kazi nazipokea nikitembea, na baada ya alasiri naelekea Shela kwa miguu, kwa sababu misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia.

Angalizo: anayetumia vidonge au insulini asibadilishe chakula ghafla kabla ya kuongea na daktari, sukari inaweza kushuka mno. Sisi tuliuliza kwanza.

Binti yangu ana miaka 6. Juzi alikunywa chai kwa jirani, akarudi akiuliza kwa nini wameitia sukari bila kumwuliza.