Pistoni Kwanza, Mashine Baadaye

Mpwa wangu,

Mama yako amesema gereji imeanza kupata wateja wa kufungua injini, na kwamba kuna kijana wa bodaboda ameleta pikipiki inayotoa moshi wa bluu. Eti anataka silinda ichongwe mpaka saizi ya mwisho ili chombo kikimbie zaidi. Mjomba wako ana neno juu ya hilo.

Kwanza hesabu ya huyo kijana. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 zimerithi injini ya Honda CG125, iliyoingia sokoni miaka ya 1970. Kipenyo cha silinda ni milimita 56.5, na pistoni hupanda na kushuka milimita 49.5, ujazo wake ni kama cc 124. Ikichongwa kwa pistoni ya ova saizi 0.50, yaani iliyozidi ya asili kwa nusu milimita, inafika cc 126 na ushei. Ikienda hadi 1.00, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, ni cc 128.5. Cc nne na kitu hazimfikishi abiria stendi ya Msamvu mapema! Nguvu anayoitafuta ni mgandamizo uliokuwa ukivuja pembeni mwa ringi, na huo hurudi hata kwa saizi ndogo. Silinda iliyorushwa kutoka standadi hadi 1.00, ikilika tena, inabaki kuwekewa slivu au kutupwa.

Saizi ipi basi? Hapo ndipo mafundi wengi huagiza kwa macho. Silinda hailiki sawasawa. Hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa sababu moto ni mkali na oili ni haba. Tena hulika zaidi upande ambao konrodi huisukumia pistoni. Tundu lililokuwa duara linakuwa na umbo la yai, pana juu kuliko chini. Fundi makini hupima juu, kati na chini, kila mahali mara mbili, sambamba na pini na kwa kukingama nayo. Ni vipimo sita kwa silinda moja, na kilicho kikubwa kuliko vyote ndicho kinachoamua. Tundu la 56.5 likikutwa limefika 56.85 mahali popote, 0.25 haitasafisha ukuta, itakuwa 0.50.

Baada ya hapo pistoni inunuliwe, iletwe mezani, ipimwe kwa mikromita. Ndipo silinda iende kwenye mashine. Namba 50 iliyogongwa kichwani mwa pistoni haitoshi, maana pistoni mbili zenye namba hiyo kutoka viwanda viwili zinaweza kupishana kwa sehemu za mia za milimita, na nafasi yote kati ya pistoni na ukuta ni sehemu chache tu za namna hiyo, nyembamba kuliko unywele. Ipimwe chini, kwenye sketi, kwa kukingama na pini. Kichwa kimefanywa chembamba makusudi: ndicho kinachopata moto zaidi, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Nafasi ikiwa finyu, pistoni hukwama kwenye mlima wa kwanza. Ikizidi, hugonga na oili hupanda.

Zamani usahihi wa namna hiyo haukuwapo. Miaka ya 1770 Mwingereza John Wilkinson aliwachongea akina James Watt silinda za mashine za mvuke. Kosa lisilozidi unene wa shilingi ya zamani, kwenye silinda ya inchi 50, lilisifiwa kama maajabu. Kosa hilo leo lingeua injini ya bodaboda kabla ya jioni.

Turudi kwenye silinda ya kijana. Mwenye mashine anapochonga abakize kidogo kwa ajili ya honi, yaani kusugua kwa jiwe, ili ukuta upate mikwaruzo inayokatana. Humo ndimo oili hushika. Kisha silinda ioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, na ipakwe oili papo hapo. Petroli peke yake huacha unga wa jiwe la honi, na unga huo hula ringi mpya.

Muulize pia kijana chujio la hewa liko wapi. Wengi hulitoa sponji lake, na vumbi la barabara linaingia moja kwa moja.

Siku ikija gari, Probox au IST, yenye injini ya 1NZ-FE, shauri ni jingine kabisa. Bloku yake ni ya aluminiamu, na slivu zake za chuma ni nyembamba, zimesubiwa humo humo. Toyota wenyewe walieleza kuwa hazichongwi. Mteja huyo asitozwe hela ya kuchonga. Aambiwe mapema atafute bloku nyingine.

Ni mimi mjomba wako.