Barua kwa Mpwa Kuhusu Ukali wa Video za Safari

Kwa mpwa wangu,

Video ya safari hubanwa mara tatu kabla ya kumfikia mtazamaji. Kamera huibana wakati wa kurekodi, programu ya kuhariri huibana tena wakati wa kutoa faili la mwisho, kisha YouTube au Instagram huibana kwa vipimo vyake, na hapo aliyepakia hana la kusema. Kila hatua hupunguza kitu. Kwa hiyo mipangilio ya kamera haipimwi kwa jinsi picha inavyopendeza kwenye kioo cha simu jioni ileile, bali kwa kile kitakachosalia baada ya hatua ya tatu. Unguja inafaa kuwa mfano, maana katika siku moja ya matembezi humo hukutana karibu kila kinachoua ukali wa video: jua kali juu ya mchanga mweupe, maji yanayometameta, vichochoro vyenye giza, na chakula cha usiku chini ya taa za umeme.

Kubana huko hufanywa na kodeki. Ile ya H.264, iliyosanifishwa mwaka 2003 na kuenea kila mahali, haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi moja kamili, halafu katika zinazofuata huandika kilichobadilika tu. Ukuta wa Ngome Kongwe ya mjini Unguja ukipigwa kwa kamera iliyosimama juu ya tripodi, hakibadiliki kitu isipokuwa wapita njia, hivyo data iliyopo huenda kwenye mawe, chokaa na vivuli. Ukuta huohuo ukipigwa na mtu anayetembea huku mkono unatikisika, karibu picha nzima hubadilika kila mara, na data ileile hugawanywa mpaka haitoshi. Baharini Nungwi hata tripodi husaidia kidogo tu: viwimbi hugeuka kila mahali kwa wakati mmoja, ndipo maji yanapovunjika vipande vya mraba. Minazi kwenye upepo na mvua ya masika huleta taabu hiyohiyo. Ndiyo maana la kwanza katika ukali si bei ya kamera, ni kutulia. Tripodi ndogo, au hata kiwiko kilichoegemezwa kwenye baraza, mara nyingi huongeza ukali kuliko kununua kamera ya bei mara mbili.

Baada ya kutulia hufuata idadi ya fremu kwa sekunde, na hapa umeme una neno lake. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na Unguja huupata kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari kutoka bara. Taa nyingi zinazotumia umeme huo hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua, lakini kamera hutambua. Kamera iliyopangwa kwa soko la Marekani, ambako umeme ni hezi 60, hurekodi fremu 30 kwa shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde; ikifika usiku kwenye meza za samaki za Forodhani, mjini Unguja, huweza kuchora mistari myeusi inayopanda na kushuka juu ya picha, na ni vigumu kuifuta vizuri kwa programu. Dawa ni kuchagua mfumo wa PAL, fremu 25, na shata ya 1/50, ambayo hupokea mapigo mawili kamili ya taa katika kila fremu. PAL si mgeni visiwani: ndio mfumo uliotumiwa na televisheni ya rangi ya Zanzibar mapema miaka ya 1970, wakati bara hapakuwa na televisheni kabisa. Kwenye iPhone fremu 25 hujificha mpaka swichi ya kuonyesha mifumo ya PAL iwashwe katika mipangilio ya kamera. Simu isiyo na fremu 25 ibaki kwenye 30, shata ifungwe kwenye 1/50 au 1/100. Kwa picha itakayopunguzwa mwendo, kama ngalawa inayokata wimbi, fremu 50 na shata ya 1/100 zinatosha.

Shata hiyo ya 1/50 inayookoa usiku huleta tatizo adhuhuri. Chini ya jua la wazi, kwa ISO (kipimo cha jinsi kamera inavyohisi mwanga) 100, hulazimisha tundu la lenzi libanwe hadi f/22. Tundu likiwa dogo kiasi hicho mwanga hupinda kwenye kingo zake na picha nzima hulainika, hata ikiwa imelengwa sawasawa. Kichungi cha kupunguza mwanga cha ND32 hukata mwanga mara 32, na tundu likafunguliwa hadi f/4, ambapo lenzi nyingi hufanya kazi vizuri. Kichungi kiwe cha kioo kizuri. Kile cha bei ya kutupa huharibu ukali uleule kilichonunuliwa kuulinda. Asiyekuwa nacho anaweza kupandisha shata hadi 1/500 kwa mandhari yaliyotulia, kwani hapo hakipotei kitu. Ni watu wanaotembea na vyombo vinavyokwenda ndivyo huonekana kudundadunda. Simu nyingi hazina tundu linalobadilika, kwa hiyo kwa mwenye simu chaguo ni hizo mbili tu, kichungi au shata.

Usiku adui ni ISO. Ikipanda sana picha hujaa chenga, na chenga hubadilika katika kila fremu. Kodeki hudhani ni kitu cha maana, ikazihifadhi na kuinyima data mishikaki na nyuso za wauzaji. Ni afadhali nyuma pabaki giza, mpiga picha asogee karibu na taa, na atumie lenzi kuu ya simu badala ya kuvuta kwa vidole, maana kuvuta huko mara nyingi ni kukata tu picha na kuikuza. Kile kipimo cha kuongeza ukali kilichomo ndani ya kamera nacho kishushwe: huchora mistari myeupe kando ya kila umbo, na kila hatua ya kubana huizidisha ubaya.

Kuhusu 4K, faida yake kubwa iko wakati wa kuhariri. Fremu yake ina pikseli zaidi ya milioni 8, mara nne ya fremu ya 1080, hivyo picha inaweza kukatwa au kutulizwa na programu na bado ikabaki na akiba, na ikipunguzwa ukubwa, chenga nazo hupungua. Irekodiwe hivyo, isipokuwa kadi ikiwa ndogo au simu ikichemka juani.

Faili la mwisho litolewe kwa mp4, H.264, idadi ileile ya fremu iliyorekodiwa, na rangi za Rec. 709. HDR izimwe tangu kwenye kurekodi kwa asiyejua kuisahihisha, la sivyo rangi huishia kupauka. Linalobaki ni wingi wa data. YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080 ya fremu 24 hadi 30, megabiti 16 kwa ya 1440, na 35 hadi 45 kwa ya 4K. Kwa anayepakia kwa bando hesabu hiyo ni ya fedha: dakika kumi za 1080 ni kama megabaiti 600, za 4K kwa megabiti 40 ni gigabaiti 3. Chaguo la busara liko katikati. Video iliyotolewa kwa 1440 hugharimu kama gigabaiti 1.2 kwa dakika kumi, na mara nyingi YouTube huipa kodeki bora ya VP9, ambayo hutunza maji na majani kuliko ile inayopewa 1080 ya kawaida.

Video ya wima ya Instagram au TikTok itolewe kwa 1080 kwa 1920 basi. Ikipelekwa kubwa zaidi mtandao utaipunguza wenyewe, na kwa haraka. Anayemtumia mwenzake faili kwa WhatsApp ili ahariri alitume kama waraka, si kama video, vinginevyo huongezeka hatua ya nne ya kubana ambayo ni mbaya kuliko zote. Na kwa kuwa YouTube hutayarisha kwanza nakala hafifu, nzito zikifuata baadaye, video iachwe faraghani mpaka 1440 itokee kwenye orodha ya ubora, ndipo ifunguliwe kwa watu.

Mjomba wako