Swali la Zebaki Nililolijibu Vibaya

TP yangu ya mwaka jana niliifanyia shule moja ya kata karibu na Mwadui. Ukisema Mwadui watu wanawaza almasi za Williamson tangu 1940, lakini wanafunzi wangu wengi wana ndugu kwenye machimbo ya dhahabu, kule Kahama na Geita.

Siku hiyo nilikuwa Kidato cha Tatu, nikitaka waone kanieneo ya mvuke wa ethanoli. Vifaa vya maana hatukuwa navyo. Nikachukua bomba la sindano la mililita 20, nikaweka matone machache ya ethanoli na hewa kidogo, nikaziba ncha, nikalizamisha kwenye maji ya moto ya chupa ya chai. Moto hatukuwasha, maana ethanoli haitaki utani. Kwenye nyuzi 30 tulisoma mililita 5. Nyuzi 50, karibu 7. Nyuzi 60, kama 10 hivi. Kidude cha kusukumia kilipanda chenyewe, darasa likapiga makofi. Nikajiona profesa.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mjomba anaweka zebaki kwenye chupa wazi chini ya kitanda. Isipochomwa, inatoka?"

Nikajibu haraka, "Hapana, zebaki inachemka kwenye nyuzi 357. Bila moto haiendi popote."

Usiku nikachora grafu ya vipimo vyetu, nikabaki nimeduwaa. Ethanoli inachemka nyuzi 78, lakini kwenye nyuzi 30 mvuke wake ulikuwa tayari unasukuma. Kimiminika hakisubiri kuchemka ndipo kitoe mvuke. Kanieneo ya zebaki ni ndogo mno, kama paskali 0.16 kwenye nyuzi 20, wakati ya ethanoli ni karibu paskali 5,900. Lakini ndogo siyo sifuri. Na mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Ndani ya chumba kilichofungwa unajikusanya, unavutwa, unaharibu ubongo na figo.

Nilimweleza mwenzangu wa TP. Akacheka: "Achana nayo, kaka. Ukijisahihisha watakudharau, na msimamizi anakuja wiki hii."

Sikulala vizuri. Ingekuwa swali la mtihani ningeinyamazia. Hili lilikuwa chini ya kitanda cha mtu.

Asubuhi nikasimama mbele yao: "Jana niliwadanganya bila kujua." Nikawaonyesha grafu. Nikamwambia kijana chupa ifungwe vizuri na itoke chumbani, na kuchoma kusifanyike jikoni. Kuna vyombo vilivyofungwa vyenye bomba linalopoza mvuke, zebaki ikarudi kimiminika.

Hakuna aliyenidharau. Kijana alikuja baada ya kipindi, akaomba aichore ile grafu kwenye daftari, "nikamwonyeshe mjomba, maana maneno matupu hayasikii."

Wenzangu mnaojiandaa na TP, beben chaki. Bebeni na ujasiri wa kusema nilikosea.